Hadithi ya Ngomo Kama Ilivyotokea

Mwanangu Furaha,

Pasipoti, bima, dawa za tumbo, namba za ubalozi: hayo mama yako amekwisha kukuambia, na mengine ameyabandika kwenye mlango wa friji. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulitoa mdomoni wiki nzima. Juzi ulipokuwa unakunja koti lako la pikipiki sebuleni nilikuja nikasimama karibu yako. Ukaniuliza kama nataka kitu. Nikasema natafuta rimoti. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu.

Leo nimeomba ruhusa kazini. Wewe na mama yako mmekwenda madukani kutafuta soksi nzito, na nyumba iko kimya. Najua Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, kwa hiyo barua hii isome kwa sauti, polepole, ukiwa ndani ya ndege au popote utakapopata nafasi. Ningeandika Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha ghala, cha kuhesabu masanduku na kuomba likizo. Kwa hili hakinitoshi.

Unaikumbuka hadithi ya Ngomo. Huwezi kuisahau, nimeisimulia kila Noeli tangu tufike Sydney, na kila sherehe ya kanisa palipokuwa na vijana wa kuwachekesha. Mimi na rafiki yangu Kashindi, vijana wawili juu ya pikipiki ya mjomba wangu, tunarudi Uvira kutoka kutembea Bukavu. Kashindi anaendesha, anajisifu kwamba mama yake alimzaa juu ya pikipiki. Anaimba. Mbuzi anakatiza barabara, Kashindi anasimamisha pikipiki kwa miguu, mimi naruka hewani na kutua kwenye kichaka cha miiba. Kashindi anainua kichwa kutoka mtaroni na kuuliza, "Tumefika?" Hapo watu hucheka mpaka machozi. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa ukinivuta shati mbele ya wageni: "Papa, sema ile ya Kashindi!"

Mbuzi hakuwepo. "Tumefika" niliitunga mwenyewe. Na aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nikainuka kunywa maji. Sasa nakueleza jinsi ilivyokuwa.

Kashindi alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto Uvira. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa mabingobingo, majani marefu kama matete, na sisi tulikuwa tumetoboa tundu katika ua ule. Mama yake alinilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kashindi alijifunza uashi, akawa fundi mzuri, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye watu wazima walimwita kuwajengea. Mimi nilikuwa namsaidia mjomba dukani. Mjomba alikuwa na pikipiki, na nilikuwa na ruhusa ya kuiendesha mjini tu. Alipokwenda Bujumbura kwa wiki moja nikamwambia Kashindi, "Twende Bukavu. Siku tatu tu. Tuone dunia."

Zilikuwa siku tatu nzuri, sitakuficha. Tulilala kwa binamu yake, tukatembea juu na chini katika mji ule wa vilima. Nilikuwa na wembamba wa mwili na ukubwa wa kichwa. Ndiyo maana uliponionyesha ramani yako mezani, ule mstari mwekundu wa safari yenu ya pikipiki kutoka Ureno, Uhispania, Ufaransa, ukapanda milima ya Alpi na kushuka Slovenia, Kroatia mpaka Ugiriki, niliona haya. Niliijua furaha ile. Nilikuwa nayo mwenyewe, na najua nilichoifanyia.

Asubuhi ya kurudi Kashindi alizunguka pikipiki mara mbili. Akaniambia, "Breki hii ya mbele inalia. Na ya nyuma inazama. Tuionyeshe kwa fundi kabla ya kushuka Ngomo."

Nikamwambia, "Wewe unaogopa kama mama mkwe."

"Siogopi. Nasema inalia."

"Ilikuja, itarudi. Panda."

Akapanda. Furaha, hapo ndipo penye ajali, mbele ya nyumba ya binamu yake, kabla hatujawasha injini. Mimi pia nilikuwa nimesikia breki ikilia. Nilichoogopa ni kwamba fundi angeuliza pikipiki ni ya nani, maneno yangefika kwa mjomba. Niliogopa kuulizwa swali, nikamwita mwenzangu mwoga.

Ngomo ni mteremko unaotoka milimani hadi uwanda wa Ruzizi. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde ambalo ukitazama chini huoni mwisho wake. Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo na mawe. Tulishuka kona tatu, nne, nikiminya breki na kuhisi mkono wangu unaminya hewa. Sikusema. Kashindi alikuwa nyuma yangu akizungumza habari ya nyumba atakayomjengea mama yake. Kona ya tano nikaona hatuwezi kuikata, nikaigeuza pikipiki kwenye ukuta wa mlima.

Mimi nilichubuka viganja. Mguu wa Kashindi ulibanwa kati ya pikipiki na jiwe. Nilipoinua pikipiki nikaliona goti lake, na sitakuandikia nilichokiona. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu, na alishika kifundo cha mkono wangu.

"Usiniache hapa," alisema.

"Nashuka Kamanyola kuleta gari. Saa moja tu, narudi."

"Kweli utarudi?"

"Kashindi! Mimi huyu?"

Na nilikuwa nasema kweli, mwanangu. Wakati ule nilikuwa nasema kweli kabisa. Nilimfunika kwa koti langu, nikashuka na pikipiki ile iliyopinda usukani, kwa gia ya kwanza, miguu yangu ikiburura chini. Huko Kamanyola, mji mdogo mwishoni mwa mteremko, mtu wa kwanza niliyemwona ni mfanyabiashara aliyefahamiana na mjomba wangu. Alikuwa na gari. Alitazama pikipiki kabla ya kunitazama mimi.

"Hii si ya mjomba wako? Nani ameiangusha hivi?"

Mdomo wangu ukasema, "Kashindi."

Nimefikiria neno lile moja karibu miaka thelathini. Sikulipanga. Lilikuwa limetoka kabla sijasema kuna mtu ameumia. Na lilipokwisha kutoka, nikaona mbele yangu jambo jipya: mtu huyu akipanda na gari lake, atamkuta Kashindi, na Kashindi atasema nani alikuwa anaendesha. Akaniuliza, "Na yeye yuko wapi?" Nikajibu, "Yuko juu, watu wanamsaidia. Hajaumia sana." Akanihurumia kwa viganja vyangu, akaninunulia chai. Nikainywa, Furaha. Niliketi kwenye benchi nikanywa chai mpaka mwisho, kisha nikavuka uwanda kwenda nyumbani Uvira.

Kashindi alikaa pale kando ya barabara tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi na moja jioni. Magari yalikuwa haba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni alitua mzigo wake, akakaa naye, akimkinga jua kwa mwavuli, hadi lori liliposimama. Mwanamke ambaye hakumjua hata jina. Ndizi zake hazikufika sokoni siku hiyo.

Hospitalini walimtengeneza walivyoweza. Goti halikukunjika tena. Fundi mwashi asiyekunja goti hapandi jukwaa, hapigi magoti kusawazisha sakafu. Aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha, lakini nilikuwa nimetangulia kufika, na maneno yangu yalitangulia pamoja nami. Mfanyabiashara wa Kamanyola alishuhudia upande wangu. Watu wakasema Kashindi anamsingizia mwenzake kwa uchungu wa mguu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniamsha. Siku chache baadaye mama yake Kashindi alikuja kwetu. Tulikuwa mezani, bugali na samaki. Aliingia, akamsalimu mjomba, akapiga magoti sakafuni na kuomba msamaha kwa niaba ya mwanawe aliyeharibu pikipiki ya watu. Mama yule aliyenilisha. Kisha akanigeukia mimi, bado amepiga magoti, akasema, "Na wewe mwanangu, pole kwa mikono yako."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalimeza.

Baada ya hapo vita vilitutawanya. Mimi nilivuka kwenda Burundi, nikamkuta mama yako kambini, ukazaliwa wewe, tukaja huku. Hadithi ilikuja nami. Mara ya kwanza kuisimulia ilikuwa kambini, mtu aliniuliza makovu ya viganja nimeyapata wapi. Nikaisimulia kwa kifupi, wakacheka kidogo. Mara ya pili nikaongeza mbuzi. Nadhani niliifanya iwe ya kuchekesha ili hata mimi nisiwe na nafasi ya kulia ndani yake. Kila mlipocheka ilikuwa kama mnagonga muhuri. Na mimi shemasi, ninayesimama mbele ya watu kila Jumapili.

Unakumbuka harusi ya Brisbane, ya binamu yake mama yako? Ulikuwa umeshonewa kitenge, na asubuhi ya kusafiri nikasema mgongo umenikamata. Ulilia. Mgongo ulikuwa mzima. Nilikuwa nimesikia kwamba Kashindi na mkewe wamehamishiwa Toowoomba, si mbali na Brisbane, na kwamba watakuwepo.

Sasa nifike kwa Megan. Siku ile mama yako alipika wali na sombe ya majani ya muhogo ili tumjue rafiki utakayezunguka naye Ulaya. Msichana aliomba sombe mara ya pili. Aliniita mzee, kwa Kiswahili, ulikuwa umemfundisha. Na mimi nikaona njia ya kukuzuia usiende. Nikasimulia Ngomo kwa Kiingereza, safari hii bila mbuzi, bila kicheko, na mwishoni nikamnyooshea uma: "Kila ajali ina rafiki wa namna yako. Yeye anashawishi, mwenzake anaumia." Aliweka kijiko chini taratibu, akamshukuru mama yako kwa chakula, akaondoka. Wewe huongei nami Kiswahili, mimi nauliza kwa Kiswahili na wewe unajibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Lakini jioni ile ulisimama mlangoni na kusema, "Papa, unanitia aibu." Matamshi yako yalikuwa safi kama ya bibi yako.

Ulidhani niliingia chumbani kwa hasira. Nilikuwa nimesikia neno langu mwenyewe, aibu, lile nililokuwa nalo kifuani tangu Kamanyola, likitoka kinywani mwako.

Wiki tatu zilizopita gari letu lilipata pancha nikitoka kazini, nikalipeleka kwenye duka la matairi pale Seven Hills. Nilikuwa nimesahau kwamba ndipo Megan anapofanya kazi. Alikuwa chini kwenye zege, amepiga magoti pembeni ya pikipiki yako ya mazoezi, gurudumu limetolewa. Aliniona kabla sijapata pa kujificha. Alinisalimu kwa heshima, kuliko nilivyostahili. Ili niseme chochote, nikauliza anafanya nini.

"Naangalia breki," alisema. "Nilimwambia Furaha hatuondoki mpaka nijue kila mmoja wetu anaweza kuzifungua na kuzifunga mwenyewe. Leo ni zamu yake, amekwenda kununua kahawa, akirudi anaanza."

"Hakukataa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Kwa nini akatae?"

Nilibaki nimesimama pale nikitazama tairi langu likijazwa upepo. Kwa nini ukatae? Mwenzako amesema breki ziangaliwe, na wewe umekwenda kuleta kahawa. Jambo rahisi namna hiyo. Nililipa nikaondoka kabla hujarudi, ndiyo sababu Megan alikuambia nilikuwa na haraka.

Jumapili ile nilimwomba mama mmoja wa kanisani, aliyehudhuria harusi ya Brisbane, anipe namba ya Kashindi. Niliibeba siku nne. Siku ya tano, baada ya zamu ya asubuhi, niliegesha gari karibu na stesheni ya Seven Hills nikapiga. Alipokea kwa Kiingereza. Nikataja jina langu. Treni moja ikaja na kuondoka.

"Ndugu yangu," alisema mwishoni. "Nilikuwa na namba yako miaka sita."

"Mbona hukunipigia?"

"Ni wewe uliyesema utarudi. Si mimi."

Nilimwambia yote, mwanangu, kama ninavyokuambia wewe. Chai, benchi, tonge. Nilimwambia kuhusu mbuzi na "Tumefika". Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningeshukuru. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mguu nilishausamehe. Nimeuzoea, sasa ni kama mtu mwingine ninayeishi naye. Lakini mama alikufa akiamini ni mimi. Hata siku zake za mwisho alikuwa ananishika mkono, ananiambia: mwanangu, kiri tu, Mungu anasikia. Na mimi sina cha kukiri. Hilo utalirudisha vipi?"

Nikasema siwezi.

"Vizuri umesema huwezi," akajibu. "Hadithi hiyo umewasimulia watu wangapi?"

"Wengi."

"Basi waendee hao hao."

Nikamuuliza kama naweza kwenda Toowoomba kumwona. Alicheka, kicheko kile kile cha ua wa mabingobingo, ila kilikatika katikati. "Kuja ni kazi yako," alisema. "Kufungua mlango ni kazi yangu, na sijaamua." Akakata simu.

Mama yako nilimwambia siku hiyo hiyo. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Aliizima pasi, akaketi, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja: "Furaha anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Usimwache apande ndege na hadithi ya uongo." Tangu siku hiyo anazungumza nami kidogo tu, na simlaumu. Aliolewa na mtu wa kwenye ile hadithi.

Kwa Megan nilikwenda jana. Nilimkuta wakati wa chakula cha mchana, ameketi nje juu ya tairi. Kiingereza changu cha ghala kilinitosha, kumbe maneno yenyewe si mengi. Nilimwambia: rafiki niliyekusimulia hakuwa mbaya, mbaya nilikuwa mimi, na nilikupaka wewe uchafu wangu mbele ya mwenzako. Alitafuna taratibu. Akauliza, "Umeshamwambia Furaha?" Ni kama walipanga na mama yako. Nikasema nitamwandikia. Akasema, "Nitamwachia akuambie yeye kama tuko sawa." Kwa hiyo hilo liko mikononi mwako, na sikuharakishi.

Jumapili ijayo nimemwomba mchungaji anipe dakika chache baada ya matangazo. Ushemasi nitauweka chini kabla hawajauchukua. Labda watu wataona nimekuza jambo dogo la ujanani. Wengine watauliza kwa nini naharibu hadithi nzuri. Itanibidi nisimame niwatazame.

Mawaidha sina mengi. Unakwenda na mtu anayekuambia breki zinalia, na wewe unamsikia. Kwa hilo umekwisha nizidi, na hukujifunza kwangu. Ninachokijua zaidi yako ni kimoja, na nilikilipia vibaya, au niseme Kashindi alikilipia: uongo wangu haukuwa mkubwa. Ulikuwa jina moja, kwa mtu mmoja, kando ya barabara. Ningeweza kuufuta palepale kwa kusema, "Hapana, samahani, ni mimi, na yuko juu ameumia." Gari lilikuwepo. Saa moja ilikuwa haijapita. Nimejaribu kukumbuka kama kuna kitu kilinizuia, mtu, mlango, chochote. Hakukuwa na kitu. Ikitokea umesema neno la namna hiyo, huko Uhispania au popote, kuhusu Megan au kuhusu wewe mwenyewe, geuka ukiwa bado barabarani. Hata kama umekwisha pokea chai ya watu.

Nasikia gari lenu linaingia. Mama yako anacheka, namshukuru Mungu kwa hilo, hajacheka siku nyingi. Namaliza, na barua naitia mfukoni mwa koti lako la pikipiki.

Kesho tutakusindikiza uwanjani. Nitakukumbatia kama baba yeyote, na wewe hutakuwa umeisoma bado, kwa hiyo kumbatio hilo nitakuwa nimeliiba kidogo. Unisamehe na hilo. Ukishapita kwenye ule mlango wa ukaguzi, mama yako atarudi nyumbani peke yake. Mimi nina tiketi ya basi la kwenda Brisbane, na lingine la kwenda Toowoomba. Nimemtumia Kashindi ujumbe kumwambia saa nitakayofika. Ameusoma. Hajajibu.

Ukifika Ureno, usinipigie kuniuliza nimepokewaje. Ngoja mimi nikupigie. Na nikichelewa, ujue mlango haujafunguliwa, na mimi bado nimekaa nje.

Papa yako